Kipanya changu na Chausiku: njia ya Dodoma hadi Singida

Nilipoamua kuacha gesti na kulala ndani ya gari langu, kila kitu nilikipigia hesabu, nikamsahau paka wangu, Chausiku. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola, na wateja wangu wametapakaa kuanzia Bahi, Manyoni na Itigi hadi Singida. Safari moja hula siku nane, wakati mwingine kumi. Kwa miaka miwili Chausiku alikuwa akibaki kwa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Jirani akahamia Iringa. Kumfungia ndani peke yake siku zote hizo, moyo wangu ulikataa.

Gari ni Hiace ya zamani, vile vipanya vilivyobeba abiria hadi vikachoka. Niling'oa viti vya nyuma, nikaweka kitanda cha mbao, chini yake vifaa vya kazi, juu ya paa paneli ya wati 100 na ndani feni ndogo ya volti 12. Madirishani nilibana chandarua. Chausiku alikipasua jioni ileile, nikalazimika kununua wavu wa waya na kuupigilia kwa skrubu.

Watu husema paka hufuata nyumba, hamfuati mtu. Mimi nikaona hapo ndipo pa kuanzia: gari liwe nyumba yake kwanza, safari baadaye. Kwa wiki tatu kipanya kilikaa uani mlango wazi, na bakuli lake nikalihamishia humo. Mwanzoni alikuwa akinyakua dagaa na kutimua mbio. Siku ya tano nikamkuta amejikunja ndani ya tenga la kuku nililolitandika khanga kuukuu ya marehemu mama. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu nikimtazama. Baada ya hapo nikawa nawasha injini bila kuondoka, kisha mzunguko mfupi hadi Kizota na kurudi. Anayeruka hatua hii na kumtia paka kwenye boksi siku ya safari anamtesa, na yeye mwenyewe atasikiliza kilio njia nzima.

Daktari wa mifugo alimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akampa dawa ya minyoo na kadi ninayotembea nayo. Nilimwomba dawa ya kumlaza njiani, akakataa: paka aliyeleweshwa na dawa hushindwa kujipoza joto likimzidi. Akanionya pia nisithubutu kumpa parasitamo, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, wala dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Asingaliniambia, siku moja ningaliweza kumpa kwa nia njema kabisa.

Safari ya kwanza ilikuwa Novemba, jua la Dodoma likiwa kali na mvua bado. Nikatoka saa tatu asubuhi, kosa kubwa. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na mimi tenga nilikuwa nimeliweka papo hapo nyuma ya kiti changu ili anione. Tulipokaribia Bahi nikasikia anatweta, mdomo wazi, ulimi nje kama mbwa. Paka akifika hapo hali ni mbaya. Nikaegesha chini ya mti, nikamlowesha nyayo, masikio na tumbo kwa kitambaa cha maji ya kawaida, feni ikimpulizia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akanisaidia kushika turubai tupate kivuli zaidi. "Mwanangu," akaniambia, "huku hata ng'ombe tunawaondoa alfajiri." Ilipita kama nusu saa ndipo Chausiku akafumba mdomo na kupumua vizuri. Tangu siku hiyo natoka saa kumi na moja alfajiri, saa nne niwe nimeshafika kivulini, na tenga liko nyuma kabisa, limefungwa kwa mipira ya mizigo. Simuachi ndani ya gari lililofungwa hata nikisema naenda dukani mara moja.

Chakula cha mwisho anakula usiku, kwa sababu barabara inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya Manyoni tumbo lake halivumilii kona. Maji nabeba ya nyumbani kwenye dumu la lita 20. Visima vingi vya huku vina chumvi, mimi mwenye kazi hii nalijua hilo, na Chausiku akinusa maji hayo hugeuka. Choo chake ni beseni la mchanga mkavu wa korongo. Nabeba kiroba kizima kutoka Dodoma, maana udongo wa mfinyanzi wa Bahi ukilowa humganda vidoleni.

Usiku ulionitisha kuliko yote ulikuwa Manyoni. Nilifungua mlango nichukue spana, lori likapiga honi, Chausiku akachomoka gizani. Nikazunguka na tochi nikimwita, na kadiri nilivyokuwa nikiita ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mlinzi wa pale nilipoegesha ndiye aliyenituliza: "Fundi, kaa. Ukimfukuzia, atakwenda mbali." Nikakaa. Nikazima taa, nikaacha mlango wazi na khanga ya mama kwenye ngazi, nikawa natikisa kopo la dagaa polepole kila baada ya muda. Kesho yake nilitarajiwa Itigi asubuhi. Nikampigia mteja kwamba nitachelewa, sikumficha sababu. Saa kumi alfajiri nikasikia kitu chepesi kimetua juu ya kitanda. Alikuwa na miiba ya michongoma masikioni na mwili mzima ukitetemeka. Nilimshika, nikalia.

Siku hizi anavaa mkanda wa kifua nilioshonewa na fundi cherehani, wenye kamba ya mita tatu, na namba yangu ya simu imeandikwa kwa wino usiofutika. Mlango haufunguki kabla kamba haijafungwa kwenye mguu wa kitanda. Na kabla ya kuwasha gari natazama chini na kupiga bodi kwa kiganja, hata nikiwa na hakika yuko ndani.

Mwezi uliopita tulilala karibu na Ziwa Kindai, Singida. Alfajiri niliamka nikamkuta dirishani, pua kwenye wavu, anawatazama ndege majini, mkia ukicheza taratibu. Nilikuwa na pampu mbili za kufunga siku hiyo. Nikachemsha chai, nikakaa pembeni yake hadi jua likapanda.