Tulivyochagua Mikindani tulipohama Kilifi

Kazi yangu ilipohamishiwa ofisi ya mjini Mombasa, na mume wangu akapata kazi kwenye yadi ya makontena Miritini, bara ya magharibi mwa Kisiwa cha Mombasa, kuendelea kukaa Kilifi kulitushinda. Ni kama kilomita 60 kwenda, na kurudi ni hizo hizo. Kila tuliyemwambia alitujibu jambo moja: hamieni Mtwapa. Soko lipo, benki zipo, nyumba tele, na bado mtakuwa ndani ya Kaunti ya Kilifi mliyoizoea. Ushauri huo una maana yake, na kwa familia nyingi ungefaa kabisa. Ila sisi tulikuwa na watu wazima wawili wanaokwenda kazini pande tofauti, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mkwe wangu anayehudhuria kliniki ya presha katika hospitali kuu ya Pwani.

Nilianza kwa kutazama njia, nyumba baadaye. Mombasa mjini ni kisiwa, na milango yake ni michache. Ukitoka kaskazini, gari lako litaingilia Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, na hapo ndipo wanapokutana watu wa Kongowea, Kisauni, Bamburi, Shanzu na Mtwapa kila asubuhi. Ukitoka kusini ni feri ya Likoni. Ukitoka magharibi ni Makupa, ambako tuta la zamani limepata daraja jipya tangu 2022, na pembeni yake kuna njia ya Kipevu. Nilichukua karatasi nikaandika kila mmoja wetu atapita mlango gani, saa ngapi, na akielekea wapi. Kazi hiyo ya jioni moja ilitupunguzia mengi.

Mtwapa ilianguka hapo. Mimi ningevuka Daraja la Mtwapa kisha la Nyali, jambo linalovumilika. Mume wangu angevuka yote mawili, akate kisiwa kizima, halafu atokee Makupa ndipo aelekee Miritini. Kiembeni nako, nilikokupenda kwa utulivu wake, kulikuwa na shida ile ile isipokuwa daraja moja tu limepungua.

Likoni tuliifikiria kwa dhati. Kodi ni nafuu, anayevuka kwa miguu halipi kitu, na barabara ya Dongo Kundu sasa inamtoa mtu pwani ya kusini mpaka upande wa Miritini bila kugusa feri. Kwa mume wangu ingekuwa raha. Lakini Mama hajapanda feri tangu MV Mtongwe izame tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Alimpoteza rafiki yake siku ile. Hatukumshawishi. Kliniki ni lazima, na mtu hawezi kwenda kupimwa presha kwa njia inayompandisha hiyo presha.

Ikabaki Mikindani, pale juu ya Barabara ya Nairobi baada ya Changamwe. Mimi naingia mjini kwa Makupa, mume wangu anatoka kwenda upande wa pili, Mama anapanda matatu hadi Mwembe Tayari kisha tuktuk mpaka mlangoni pa hospitali. Ubaya wake unajulikana: malori ya bandarini. Kwa hiyo kabla ya kutafuta nyumba nilipanda matatu kutoka Mikindani Jumatatu asubuhi, abiria wakielekea kazini, na Ijumaa jioni nikarudi nayo. Asubuhi tulikwenda vizuri mpaka mzunguko wa Changamwe, hapo tukasimama katikati ya malori mawili ya makontena, makanga akashuka kununua mahamri akarudi tukiwa palepale. Nilifika kazini kwa wakati kwa sababu nilitoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo hali hubadilika kabisa. Anayetaka kuhamia sehemu yoyote ya Mombasa namwomba aijaribu njia kwa saa zake mwenyewe za kazi. Jumapili adhuhuri, wakati madalali wanapopenda kukuonyesha nyumba, kila mahali ni karibu.

Jambo la pili lilikuwa maji, na hapa sikutaka kumsikiliza dalali hata kidogo. Maji matamu ya Mombasa husafiri kutoka mbali, mengine Mzima kule Tsavo, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, na hayafiki mferejini kila siku. Pengo hilo huzibwa na visima, ambavyo mara nyingi ni vya chumvi, na mikokoteni ya mitungi. Katika kila nyumba niliingia jikoni kwanza. Nilifungua mfereji, nikaonja tone kwa ulimi, nikanawa mikono kwa kipande changu cha sabuni. Mahali pamoja sabuni ilikataa kabisa kutoa povu, na shingo ya mfereji ilikuwa imeota kutu ya kijani. Dalali akasema ni mabomba tu. Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa akifua uani.

“Shikamoo mama. Maji ya kaunti yaja lini hapa?”

“Marahaba mwanangu. Yakija twashukuru. Yasipokuja, ni mkokoteni, na bei hupanda siku hiyo hiyo.”

Nyumba hiyo tuliiacha.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi yeyote anayekuja huku apaswa kulijua. Ndani ya Mikindani kuna mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwahi kuwatia wakazi sumu ya madini ya risasi, wakiwemo watoto. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashinda 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikawapa haki 2024. Risasi haiondoki udongoni kwa sababu kesi imekwisha, na watoto wangu wanacheza chini, wanatia mikono mdomoni. Nilimwuliza mwalimu mmoja mstaafu mwenyeji anionyeshe hasa mtaa huo uko wapi, kisha tukatafuta upande mwingine, na tukaamua maji ya kisima hatutayatumia kupikia wala kunywa popote tutakapokaa. Watu wa Owino Uhuru hawakuwa na nafasi ya kuchagua kama sisi. Hilo linaniuma kila ninapopita pale.

Nyumba tuliyopata iko orofa ya pili, mbali kidogo na barabara kuu, madirisha yanatazama upande wa maji ya hori, upepo unaingia hata Februari. Vyumba viwili, elfu 18 kwa mwezi. Shule ya watoto wanakwenda kwa miguu. Tulirudi kuitazama mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, tukaona njia ya ndani ina matope lakini maji hayatuami mlangoni.

Kabla ya kutoa dipoziti tulimwomba mwenye nyumba aandike kwenye mkataba mambo mawili: kwamba tangi la juu ni la wapangaji wote bila kufungiwa mtu, na kwamba tunaruhusiwa kuweka tangi letu dogo uani. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili alitaka tulipe zaidi, tukakaa naye kibarazani mpaka akakubali tuligharimie jukwaa la kuliwekea wenyewe. Tangi tulilinunua kabla ya kuleta hata kitanda. Mume wangu sasa hufika nyumbani jua halijatua, mimi huja baadaye kidogo, na Mama ameshawajua makanga wa steji yetu. Wakimwona humwekea kiti cha mbele.