Namba ya toleo iliyoganda, na jinsi nilivyoipata kutoka Subversion

Mteja wetu wa Morogoro alipiga simu: "Dada, bei za jumla bado zinakosea." Nikamwomba anisomee namba iliyo chini ya dirisha. Akasema 3902. Hilo lilikuwa toleo la zamani, nami bei nilizirekebisha wiki tatu nyuma. Fundi akapanda basi, akaweka programu upya, siku nzima ikaisha pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Namba ikabaki 3902.

Kumbe programu ilikuwa mpya na kosa la bei lilikuwa jingine kabisa. Iliyodanganya ni namba.

Msimbo wetu tunautunza kwa Subversion (svn), mfumo unaohifadhi kila badiliko kwenye seva na kulipa namba. Ili namba hiyo ionekane kwenye dirisha, nilishauriwa, na mtu mwenye uzoefu, niandike $Revision$ ndani ya faili na kuiwashia svn:keywords, mpangilio unaoruhusu neno hilo lijazwe namba, basi. Ushauri huu bado unanikera. Subversion huijaza namba hiyo kweli, lakini ni ya mara ya mwisho faili LILE lilipobadilika, si mradi mzima. Faili letu la toleo, lile linalobeba namba ya dirishani, halikuguswa kwa miezi, ndiyo maana namba iliganda.

Nikahamia kwenye skripti: svn info, amri inayotoa taarifa za folda, halafu grep, kichujio cha maandishi, ikamate mstari unaoanza na Revision. Kwangu ikafanya kazi. Kwa mwenzangu wa Bukavu namba ikatoka tupu, kwa sababu kompyuta yake iko kwa Kifaransa na mstari ule unasomeka Révision. Kuweka LC_ALL=C mbele ya amri, ili ijibu kwa Kiingereza, kunatibu hilo, ila usihangaike: tangu toleo 1.9 la mwaka 2015 svn info ina chaguo la --show-item, linalokupa namba peke yake bila maneno. Mwenye Subversion ya zamani zaidi atumie --xml, maana majina ya ndani yake hayatafsiriwi.

Usiku ule ule likaja jingine. Nimetoka kukomiti, yaani kutuma mabadiliko yangu kwenye seva, Subversion yenyewe imeniandikia 4168, lakini svn info kwenye folda hiyo hiyo inasema 4165. Nilirudia mara nne. Sababu ni kwamba kukomiti hupandisha namba ya mafaili uliyoyatuma tu. Folda hubaki na namba ya mwisho ya svn update, amri inayovuta mabadiliko kutoka seva. Kwa hiyo swali liulizwe seva, sio folda:

svn info -r HEAD --show-item last-changed-revision --non-interactive ANUANI

HEAD ni toleo jipya kabisa lililoko kwenye seva, na ANUANI ni ya trunk, yaani tawi kuu la mradi wako. Nimechagua last-changed-revision kwa kuwa seva yetu imebeba miradi mitatu chini ya hesabu moja. Ukiomba revision badala yake, namba yako itapanda kila wenzako wa mradi mwingine wanapokomiti. Na --non-interactive usiiache, la sivyo skripti inaweza kukaa ikisubiri nywila usiku kucha.

Sasa sehemu ninayojivunia. Seva inakwambia kilichoko kwake, haijui wewe umejenga programu kutoka mafaili yapi. Mtu akikomiti katikati, baada ya update yako na kabla ya swali lako, namba inakuwa ya uongo tena. Nikageuza mpangilio: kwanza skripti inauliza namba na kuishika, kisha inaendesha svn update -r na namba hiyo hiyo, kisha svnversion, amri inayosoma namba za mafaili yaliyoko kwenye folda, inakagua. Jibu la svnversion lazima lilingane na namba tuliyoishika, tarakimu kwa tarakimu. Likija kama 4165:4168, mafaili yamechanganyika matoleo. Likiwa na M mwishoni, kuna faili limebadilishwa bila kukomitiwa. Kwa vyovyote vile skripti inagoma kujenga.

Wiki ya pili iligoma na 4201M. Mtu alibadilisha anuani ya hifadhidata kwenye mashine ya kujengea ili ajaribu kitu, akaiacha hivyo. Bila ile herufi, wateja wote wangepokea programu inayoandika kwenye hifadhidata ya majaribio.

Juzi Morogoro wamepiga tena, risiti haitoki. Namba? 4217. Nikavuta 4217 kwenye mashine yangu, nikaliona kosa kabla hajakata simu.