Ba be bi bo bu si kusoma

Nafundisha darasa la kwanza, na kila mwaka mpya ukianza ubishi ni ule ule: tuanze na silabi au na sauti za herufi? Walimu wakongwe wanataka chati, ba be bi bo bu, darasa zima kwa pamoja. Waliopata mafunzo ya mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 wanataka sauti kwanza, ndipo ziunganishwe.

Ubishi huu wenzetu wameanza kitambo. Huko Marekani, miaka ya 1840, mwanaelimu Horace Mann alilalamika kwamba herufi moja moja hazina uhai kwa mtoto, bora aanze na neno zima. Mwaka 1955 mwandishi Rudolf Flesch akaishambulia njia hiyo kitabu kizima. Mwaka 1967 Ken Goodman, mtafiti wa usomaji, akadai kusoma ni aina ya kubahatisha, msomaji akiongozwa na maana.

Hapo kwa Goodman ndipo ninapokataa kabisa. Mpe mtoto picha ya jogoo, chini yake pameandikwa "jogoo". Atasoma "kuku", tena kwa sauti ya kujiamini, na ile j hajaitupia hata jicho.

Lakini chati nayo inatudanganya walimu. Ziba mstari wote, acha "bo" peke yake, halafu muulize mtoto. Utaona midomo inacheza kimya kimya, ba, be, bi, ndipo akujibu "bo". Wimbo anao, herufi hana. Na mtoto huyu anapandishwa darasa la pili!

Uingereza, tangu 2012, watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwa maneno 40, na 20 kati yake hayana maana yoyote, ili asiwepo wa kubahatisha. Nimeichukua hiyo. Ijumaa naandika ubaoni "mefo", "tugo", "sobi". Wanacheka sana, ila wanasoma.

Kwa Kiingereza naelewa kwa nini wamegombana hivi, tahajia yao inamchosha hata mtu mzima. Sisi irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake. Tuanze na sauti, tuingie kwenye silabi mapema, tena tuzichanganye zisifuatane, na muda unaobaki tuupeleke kwenye mb, nd, mw, na ng' dhidi ya ng, maana huko ndiko watoto wangu wanakokwama.

Na wewe mzazi, jioni mtoto akikusomea, ziba picha kwa kiganja kwanza.