Piano Isiyo na Kitufe

Kwa miaka 11 niliipigia kwaya kinanda huku nikijua kii moja tu, yaani noti ya msingi wa wimbo: C. Mwalimu wa kwaya akisema wimbo umewakalia juu wanasoprano, nabonyeza kitufe cha transipozi mara mbili, unashuka, na vidole vyangu viko palepale kwenye vibao vyeupe. Vile vyeusi nilivigusa kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana siku ya kwanza nilipokwenda kwa mama mmoja mstaafu, Upanga, anifundishe kusoma noti, nilikaa mbele ya piano yake ya mbao macho yakihangaika. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Alicheka hadi akavua miwani.

"Hii haina hicho kitu, mwanangu. Lete mkono."

Akanipanga kidole kimoja kimoja: gumba kwenye E, vile vitatu virefu juu ya vibao vyeusi, F shapu, G shapu na A shapu, kidole cha mwisho kwenye B. Mkono ukatulia kama nimeuweka gotini. Virefu vimepata vibao vilivyoinuka, vifupi vimebaki chini pembeni. Nilisubiri ugumu, wapi!

Akasema huo ni mkono wa Chopin, mtunzi na mpiga piano wa Poland. Huko Paris, alikofika mwaka 1831, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa skeli, yaani ngazi ya noti, ya B yenye shapu tano za vibao vyeusi, C akaiweka mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote. Wenzake waliwachosha watu ili vidole vyote viwe na nguvu sawa. Yeye aliona huko ni kushindana na maumbile, kila kidole kina sauti yake. Nikaguna. Ngumu, C? Hii C yangu?

Akanisogeza, akapiga etyudi, kipande cha mazoezi, ya Chopin: ya pili katika opasi 10, mkusanyo wake uliochapwa 1833. Nilitazama mkono wa kulia tu. Gumba na cha shahada vinadonoa noti za kusindikiza, huku vile vitatu vilivyobaki vinakimbia nusutoni kwa nusutoni, kibao hadi kibao cha jirani, cheupe au cheusi, vikirukana kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba. Muziki wenyewe, nikiri, niliusikia kama nyuki ndani ya chupa. Ila ule mkono!

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya akaomba tushuke nusutoni. Kidole kikakiendea kitufe kwa mazoea, nikakirudisha. Tukaanza kwa B. Ubeti wa pili nikapotea kabisa. Besi wakaendelea bila mimi.