Mpini uliorudi wenyewe

Juzi binti yangu kanijia na fomu ya chuo. "Mama, kwani fizikia na uhandisi si kitu kimoja? Mbona hesabu zake ni zilezile?" Nilikuwa napepeta mchele. Ungo ukanisimama mikononi, nikamkumbuka baba mdogo.

Ilikuwa likizo ya kidato cha tano, Njombe. Baba mdogo alikuwa anafunga pampu ya mkono kwenye kisima cha jirani, maji yako mita 8 na nusu chini. Akasema silinda, ile sehemu ya pampu inayovuta maji, lazima ishushwe kisimani, maana pampu ikikaa juu haivuti zaidi ya mita 6. Kuishusha kulitaka mabomba zaidi, na jirani hela hana. Nikadakia: kitabu kinasema mita 10.3. Jirani akanisikiliza mimi, msomi. Baba mdogo hakubisha, akaifunga juu.

Nikashika mpini mwenyewe. Mwanzoni ulikuwa mwepesi. Kadiri nilivyopampu ukawa mzito, kana kwamba kuna mtu kisimani kaushika upande wa pili. Nikaulalia kwa uzito wangu wote, ukashuka. Nilipolegeza mikono tu, ukaruka juu wenyewe ukanigonga kidevu. Nikarudia. Vilevile. Jirani amekinga ndoo, mdomo wa pampu mkavu, na hakuna aliyesema neno.

Kesho yake silinda ikashushwa mita 4, maji yakatoka.

Jioni ile baba mdogo hakunigombeza. Aliniuliza: "Mwanangu, hivi kwa nini sita? Miaka yote hii nafunga pampu, sababu siijui. Na nilipokuwa Tanga nilikuwa navuta hadi saba." Nikajaza glasi maji, nikaifunika kwa kadi, nikaipindua. Maji hayakumwagika. Nikamwambia ni hewa ya nje inayoyasukuma. Pampu inaondoa tu hewa ya ndani ya bomba. Ila Tanga ikanishinda.

Jibu lilinijia usiku kitandani. Ile 10.3 ni ya usawa wa bahari, kama Tanga. Njombe iko karibu mita 1,900 juu, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni ndogo, kwa hiyo hata pampu isiyo na kasoro ingekomea mita 8 na kidogo. Toa msuguano, toa washa za pampu za ngozi zilizochakaa, unaikuta sita yake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mafundi pampu wa Italia nao walikijua kikomo hicho kabla ya wasomi. Mwanasayansi Galileo akakiandika mwaka 1638, na mwaka 1644 mwenzake Torricelli akaeleza kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa.

"Sasa nani alikuwa sahihi?" binti yangu akauliza. Sikuweza kumchagulia. Nilimwambia tu nilichokikuta alfajiri ile nilipotoka mbio kumpelekea jibu la Tanga: baba mdogo yuko barazani, glasi na kadi mkononi, sakafu yote imelowa.