Saa Tisa au Saa Kumi?

Muhula uliopita wanafunzi wangu wa biashara hapa Dar es Salaam walifanya kazi mtandaoni kwa majuma sita na wenzao wa chuo kimoja cha Ujerumani, wanne wanne, wawili wa huku na wawili wa kule. Mtindo huu, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, COIL (Collaborative Online International Learning, yaani kujifunza pamoja mtandaoni kimataifa), ulipata kituo chake mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kwa jitihada za Jon Rubin, mwalimu wa filamu ambaye tayari alikuwa akiwaunganisha wanafunzi wake na wa nchi nyingine watengeneze video pamoja.

Bando liliwaishia vijana mara kadhaa, lakini hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni Jumatatu moja ya mwisho wa Machi. Kundi moja lilizoea kukutana saa nane mchana ya Ujerumani, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi. Jumapili iliyotangulia Wajerumani walisogeza saa mbele, kama wafanyavyo kila mwaka, hivyo saa nane yao ikawa saa tisa yetu, na vijana wangu walipoingia saa kumi kamili walikuta kikao kimekwisha na ujumbe mfupi: "Tulisubiri. Hamkuja."

Binti mmoja aliniletea simu ofisini. "Mwalimu, hawa wanatudharau. Hata salamu hakuna!" Nilitamani kumwandikia mwalimu mwenzangu yaishe, nikajizuia, nikamwuliza yeye angejibu nini. Rasimu ya kwanza ilikuwa salamu na samahani tupu. Ya pili ilikuwa kali. Ya tatu ilieleza suala la saa, ikaomba kila kikao kiandikwe kwa saa za pande zote mbili, kisha ikauliza kwa upole kama "Hamkuja" ilikuwa lawama. Haikuwa lawama, walijibu, ilikuwa taarifa tu. Nao wakauliza kwa nini kila tunaposema "tutajaribu" kazi haifiki. Ikabidi vijana wangu wakiri kwamba mara nyingi "tutajaribu" ni "hatuwezi" iliyoona haya.

Ripoti ya kundi lile ilipata alama za wastani, kwani rasimu zile tatu hazikuwa na mahali pa kusahihishiwa. Muhula huu, kati ya alama 30, nimetenga 10 kwa kumbukumbu za mawasiliano yao. Mwenzangu wa Ujerumani anaona ni chache.