Nilivyoishusha pombe ya pipa mpaka lita 10

Shangazi yangu wa Sengerema hupika pombe ya ulezi kwa pipa la lita 200: madebe mawili ya unga wa mahindi, debe moja la kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Mimi napanga chumba na sebule hapa Mabatini, na baba alipoagiza kwamba akija Mwanza anataka pombe ya nyumbani, nilihitaji lita 10 tu.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Debe ni lita 20, kwa hiyo ukigawa kwa 20, kila debe linageuka lita moja. Unga makopo mawili ya lita, kimea kopo moja. Maji nayo nikayagawa vivyo hivyo, na hapo ndipo nilipokosea.

Sufuria yangu ni pana, na mkaa siku hiyo ulishika kweli kweli. Uji haujaiva sawasawa, maji yameshakauka, mwiko unasimama wenyewe. Nikauacha upoe, nikakorogea kimea, nikalala. Asubuhi ulikuwa mzito vilevile, hauna utamu, una ukali wa kuchacha tu. Nikamwaga wote. Iliniuma sana.

Nikampigia shangazi, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, kimea kinafanya kazi uji ukiwa wa moto. Pipa langu linashinda na joto mpaka jioni. Hako kasufuria kako je?"

Kumbe ndiyo siri yenyewe. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na kinataka joto la nyuzi 60 hadi 65 hivi kwa muda mrefu. Chombo kidogo hakitunzi joto.

Mara ya pili nilianza na lita 11 za maji. Nilikuwa nimechanja alama kwenye mwiko kwa kisu, pale zinapofika lita 10. Uji ukishuka chini ya alama, naongeza maji ya moto. Nilinunua kipimajoto. Uji uliposhuka hadi nyuzi 65 nikatia kimea, nikafunika, nikaizungushia sufuria mablanketi mawili na kuiweka ndani ya boksi. Baada ya saa mbili nikafunua: nyuzi 59. Mwiko uliokuwa ukivutana na uji sasa ulipita kama kwenye maziwa. Nikadondoshea kiganjani, nikaonja. Tamu kama maji ya miwa.

Nikachemsha tena, nikamimina kwenye ndoo, nikasubiri iwe vuguvugu. Chachu sikuigawa kwa 20, maana ingekuwa chini ya nusu kikombe. Nilitia kikombe kizima, ianze kazi haraka kabla ya vijidudu vingine. Ndoo nikaiinua juu ya stuli, kwa kuwa sakafu ya saruji hupoa usiku, na mfuniko nikauegesha tu ili gesi itoke. Kwa shangazi huiva kwa siku moja na nusu. Yangu ilichukua mbili kamili, nikachuja.

Baba alimaliza kikombe cha kwanza kimya. Cha pili akakishika, akaniuliza, "Dada yangu amekuja lini mjini?"